Viatu vya kukimbilia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mwaka, na huongezeka Desemba na Januari watu wanapoanza kujiandaa kwa Kilimanjaro Marathon. Si lazima usome yote. Nenda moja kwa moja kwenye lako. Penye uhusiano na swali jingine utaelekezwa.

## Ya kuanzia

Ni lazima ninunue viatu vya kukimbilia? Raba niliyonayo haitoshi?

Kama unakimbia mara mojamoja, dakika ishirini kuzunguka mtaa, raba yoyote isiyokubana itakutosha. Ukifikia kukimbia mara tatu kwa wiki ndipo tofauti itakapoonekana. Raba za kutokea, zile za soli bapa na ngumu, huwa nzito na hazikunjiki pale vidole vinapokunjika. Viatu vya mpira wa kikapu vimetengenezwa kwa kuruka na kugeuka ghafla. Njumu ziache uwanjani, usizipeleke kwenye lami.

Kiatu cha kukimbilia utakitambua kwa mkono. Ni chepesi, kitambaa cha juu kinapitisha hewa, soli ya kati ni sponji nene, na ukikikunja kinakunjika penye vidole. Kikikunjika katikati ya unyayo, kirudishe.

Nianze na nini: namba, aina ya mguu au kampuni?

Anza na umbo, yaani urefu na upana wa mguu wako. Kisha jinsi kiatu unavyokisikia mguuni ukikimbia, kisha njia utakayopita, kisha bei. Jina la kampuni liwe la mwisho. Watu wengi huanzia mwisho: rafiki amenunua kiatu fulani, kimempendeza, na yeye anakitaka hichohicho. Mguu wa rafiki yako haukuhusu.

Wanariadha wa Iten, mji wa wakimbiaji nchini Kenya, wanavaa nini, na mimi nivae hicho?

Wenye mikataba huvaa anachotoa mdhamini. Chipukizi wengi hufanya mazoezi na viatu vilivyokwisha kutumika, walivyoachiwa na waliotangulia. Kenya ina kampuni yake ya viatu vya mbio, Enda, na mojawapo ya viatu vyake kinaitwa Iten. Lakini anayekimbia kilomita zaidi ya mia kwa wiki ana miguu iliyozoea mengi, na kiatu chake chepesi kinaweza kukuumiza wewe uliyeanza mwezi uliopita.

## Mguu wako

Nitaupimaje mguu nyumbani?

Pima jioni, mguu ukiwa umetanuka baada ya shughuli za mchana. Weka karatasi sakafuni ikigusa ukuta, simama juu yake kisigino kikigusa ukuta, uzito wote uwe kwenye mguu huo. Mtu mwingine apige alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Usipige alama mwenyewe, maana ukiinama mguu unasogea. Kwa wengi kidole kirefu ni gumba, lakini wapo ambao cha pili kimekipita. Pima na upana, pale mguu unapotanuka nyuma tu ya vidole. Rudia kwa mguu wa pili, kwa sababu mara nyingi haifanani, na ununue kwa kuufuata ulio mkubwa.

Vaa soksi utakazokimbilia. Ukipima na soksi nyembamba za ofisini halafu ukakimbia na za pamba nene, kipimo chako hakina kazi.

Siku zote navaa 42. Mbona hiki cha 42 kinanibana?

Kwa sababu namba hazilingani kati ya kampuni na kampuni. Chukua kiatu cha kiume kilichoandikwa UK 8. Cha Adidas kwa kawaida kitaandikwa pia 42 ya Ulaya na sentimita 26.5. Cha Nike kitaandikwa 42.5 na sentimita 27. Namba ya Uingereza ni moja, viatu ni viwili tofauti. Za Marekani zina mtego mwingine: za wanawake huzidi za wanaume kwa moja hadi moja na nusu kwa mguu uleule, kwa hiyo mwanamke anayechukua kiatu cha kiume asifuate namba yake ya kike.

Dawa yake ni kusoma sentimita. Zimeandikwa kwenye lebo iliyo ndani ya ulimi wa kiatu, pengine baada ya herufi CM au JP. Tafuta kinachozidi urefu wa mguu wako kwa nusu sentimita hadi moja, kisha ukijaribu.

Mbele ya vidole ibaki nafasi kiasi gani?

Upana wa kidole gumba cha mkono, ukiwa umesimama na kamba zimefungwa. Ukikimbia mguu unavimba na kusogea mbele, hasa kwenye mteremko. Kiatu kinachokukaa sawasawa kama cha harusi ndicho kitakachokupa kucha nyeusi kilomita ya kumi na tano.

Mguu wangu ni mpana. Nipande namba?

Ndivyo wengi wanavyofanya, na matokeo yake ni kisigino kinachochezacheza na malengelenge nyuma ya mguu. Kuna viatu vinavyotengenezwa kwa upana tofauti kwa urefu uleule. Kwa wanaume upana wa kawaida ni D, mpana ni 2E, mpana zaidi ni 4E. Kwa wanawake kawaida ni B na mpana ni D. New Balance wanajulikana kwa hili, na kwenye mitumba herufi hizo utazikuta kwenye lebo ya ulimi kama hazijafutika.

Kipimo cha haraka: toa soli ya ndani, iweke sakafuni, simama juu yake. Nyama ya mguu ikimwagika nje pande zote mbili, kiatu hicho ni chembamba kwako hata muuzaji akuapie kwamba kitatanuka. Kitambaa kinaweza kulegea kidogo, lakini soli haipanuki.

Nina nyayo bapa. Nahitaji viatu maalumu?

Huenda hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake limebadilika. Kwa miaka mingi maelekezo yalikuwa hivi: lowesha unyayo, kanyaga sakafu ya saruji, tazama alama. Alama ikijaa yote, una nyayo bapa, nunua kiatu kigumu cha kuzuia mguu usilalie upande wa ndani. Alama ikikatika katikati, una upinde mkubwa, nunua kiatu chenye sponji nyingi. Ilionekana ni akili ya kawaida, na maduka yakapanga rafu zao kwa mtindo huo.

Jeshi la Marekani likaujaribu mtindo huo kwa wanajeshi wa mafunzo, katika jeshi la nchi kavu, la anga na kikosi cha Marine. Baadhi wakapewa viatu kulingana na alama ya unyayo, wengine wakapewa viatu vya aina moja bila kuangalia unyayo. Walioumia hawakupishana kwa kiasi cha maana. Alama ya maji inakuonyesha umbo la mguu ukiwa umesimama tuli, na haisemi utafanya nini ukikimbia.

Kwa hiyo, kama una nyayo bapa na unakimbia bila maumivu, chagua kama mtu mwingine yeyote. Zipo nyayo bapa nyingi tu zinazomaliza marathoni. Kama una maumivu, au unyayo umekuwa bapa ukubwani ilhali zamani ulikuwa na upinde, hilo ni la daktari wa mifupa au mfiziotherapia kabla halijawa la duka.

## Namna unavyokanyaga

Nimeambiwa mguu wangu unalalia ndani. Ni kasoro?

Hapana. Kila mguu hulalia ndani kidogo baada ya kugusa ardhi, na hivyo ndivyo mwili unavyopunguza kishindo. Watu hutofautiana kwa kiasi. Huko Denmark, wakimbiaji 927 walioanza mazoezi walipewa viatu vya kawaida visivyo na kizuizi chochote na kufuatiliwa mwaka mzima. Matokeo yalitolewa mwaka 2014: waliolalia ndani hawakuumia kuliko wenye miguu iliyosimama sawa.

Ili nisikupe upande mmoja tu: utafiti wa Luxembourg wa mwaka 2016, wenye wakimbiaji 372, ulikuta viatu vya kuzuia mguu vilipunguza majeraha, na waliofaidika zaidi ni wale ambao miguu yao inalalia ndani. Ninavyoona mimi, viatu hivyo ni vya kujaribu kama umeshaumia mara kadhaa ukiwa na vya kawaida. Ukivaa ukasikia kitu kinakusukuma chini ya upinde, usivinunue kwa kumridhisha muuzaji.

Soli ya kiatu changu cha zamani inasema nini?

Inasema kidogo kuliko inavyodhaniwa. Kulika upande wa nje wa kisigino ni kawaida kabisa, kwa sababu wengi hugusa ardhi hapo kwanza. Kinachostahili kuangaliwa ni tofauti kati ya kulia na kushoto. Kimoja kikilika vibaya na mwenzake ni mzima, pengine mguu mmoja unabeba kuliko mwingine, au kila siku unakimbilia upande uleule wa barabara iliyoinamia mtaroni. Badilisha upande kwa wiki kadhaa uone, mahali ambapo magari yanaruhusu.

Nikanyage kwa kisigino au kwa mbele ya mguu?

Kanyaga unavyokanyaga. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walionyesha kwamba watu waliozoea kukimbia pekupeku, wakiwemo vijana wa Bonde la Ufa nchini Kenya, mara nyingi hutua kwa mbele ya mguu. Habari zikasambaa kwamba kisigino ni dhambi. Miaka mitatu baadaye watafiti wengine wakawapima Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, nao wamezoea pekupeku, na katika mwendo wao wa kawaida wengi walitua kwa kisigino. Wakiongeza kasi, baadhi walihamia mbele. Mwendo na ardhi vina sauti katika jambo hili.

Kujilazimisha kubadili kunahamisha mzigo kutoka goti kwenda kwenye vigimbi na kano ya nyuma ya kifundo. Kama mguu unatua mbali mbele ya mwili wako, fupisha hatua. Hilo lina faida bila kujali umetua kwa sehemu gani.

Dropu ni nini, na inanihusu vipi?

Ni tofauti ya kimo kati ya kisigino na sehemu ya mbele ndani ya kiatu. Viatu vingi vya mazoezi vina milimita 8 hadi 12, na Altra wanajulikana kwa viatu vya sifuri. Dropu ndogo huongeza kazi ya vigimbi, dropu kubwa huvipunguzia. Mwenye kano ya nyuma inayouma asikimbilie sifuri. Ukishuka, shuka polepole: kiatu kipya kivae kwenye mazoezi mafupi tu kwa wiki kadhaa.

## Dukani na kwenye mitumba

Nijaribuje kiatu dukani?

Vaa vyote viwili, funga kamba, simama, kisha kimbia. Kutembea hatua tatu kwenye zulia la duka hakukuambii kitu. Omba utoke nje ya mlango ukimbie kidogo. Mwenye duka akikataa, tafuta duka jingine. Sikiliza mambo matatu: kisigino kisipande, vidole viweze kuchezacheza, na pasiwepo mshono unaosugua. Benno Nigg, aliyechunguza mwendo wa miguu kwa miongo mingi nchini Kanada, anasema mtu achague kiatu anachokisikia vizuri zaidi mguuni. Kwangu, hilo ndilo kanuni ya kwanza. Kiatu cha kukimbilia hakihitaji kuzoeleka kwa maumivu: kikikuuma dukani, njiani kitakuuma zaidi.

Mtumba unafaa?

Unafaa sana, kama una macho. Karume pale Ilala, au Gikomba jijini Nairobi, raba hupangwa zikiwa zimeoshwa na kupigwa brashi hadi zinang'aa, na soli nyeupe pengine imepakwa rangi. Uso wa kiatu usikuhadae. Kigeuze: mpira wa chini ukiwa umelika hadi sponji inaonekana, weka chini. Kisha kisimamishe mezani ukiangalie kwa nyuma. Kikiinamia ndani au nje, kimeshachukua umbo la mwenyewe wa kwanza na kitakulazimisha ukanyage kama yeye. Bonyeza sponji ya pembeni kwa kidole gumba. Nzima inabonyea na kurudi. Iliyochoka ni ngumu na ina mikunjo midogo ya kulala kando ya kisigino. Halafu ingiza mkono, vuta soli ya ndani. Vidole vya mtu vikiwa vimechimba mashimo, kimetembea sana.

Mwisho soma lebo ya kulia na ya kushoto. Si mara moja mtu amefika nyumbani na 42 na 43 za rangi moja.

Kuna hatari moja isiyoonekana. Soli za kati zilizotengenezwa kwa poliyurethani huvunjwa na unyevu polepole hata kiatu kikiwa kabatini. Unakuta raba ya miaka mingi, haijavaliwa, safi kabisa. Unakimbia siku ya pili na soli inamegeka vipandevipande. Hewa ya pwani inaharakisha mambo. Kunja kiatu kwa nguvu palepale mbele ya muuzaji. Ukisikia mchakacho au kuona unga, mrudishie.

Nitajuaje kwamba "kipya" ni feki?

Linganisha namba ya bidhaa kwenye lebo ya ulimi na iliyo kwenye boksi. Zikitofautiana, shaka ianze hapo. Angalia gundi iliyomwagika na mishono isiyonyooka. Feki nyingi zina sponji ngumu inayosikika kama ubao, na huna haja ya utaalamu kuligundua hilo. Kati ya feki mpya na mtumba mzima wa bei ileile, mimi nachukua mtumba.

Nikiagiza mtandaoni?

Agiza modeli uliyokwisha kuivaa, kwa sentimita zilezile. Toleo jipya la modeli hiyohiyo linaweza kuwa na umbo tofauti, kwa hiyo soma masharti ya kurudisha kabla ya kulipa.

## Njia

Nakimbia njia ya vumbi na lami. Ninunue jozi mbili?

Kama mfuko unaruhusu, ndiyo, hata kwa sababu nyingine: utafiti wa Luxembourg kwa wakimbiaji 264 ulikuta waliobadilishana jozi zaidi ya moja waliumia kwa asilimia 39 chini ya waliotegemea jozi moja. Jozi moja pia inatosha. Soli ya barabarani yenye meno madogo inaimudu changarawe ikiwa kavu. Meno marefu ni ya matope na milima, na kwenye lami yanalika haraka.

Na ufukweni?

Mchanga mgumu wakati maji yamekupwa ni mzuri kwa viatu vya kawaida. Ufukwe ukiinama, rudi kwa njia uliyoendea ili miguu igawane mteremko. Maji ya chumvi yasuuze kwa maji baridi siku hiyohiyo.

## Baada ya kununua

Vinadumu kwa muda gani?

Kipimo kinachotajwa sana ni kilomita 500 hadi 800. Mtu mzito, au anayepita changarawe kila siku, atavimaliza mapema. Zaidi ya kilomita, angalia dalili zilizotajwa kwenye swali la mtumba, na usikilize mwili: ugoko au goti likianza kuuma bila kuongeza mazoezi, mtuhumiwa wa kwanza ni kiatu. Fundi viatu anaweza kubandika soli ya chini iliyobanduka. Sponji iliyokufa haifufuki.

Nivifue kwa mashine na kuvianika juani?

Hapana kwa yote mawili. Osha kwa mkono, maji baridi na sabuni kidogo, toa soli ya ndani na kamba. Jaza magazeti ndani, weka kivulini penye upepo. Jua kali huchosha gundi.

Kisigino kinapanda ingawa namba ni sawa.

Tumia tundu lile la juu kabisa ambalo wengi huliacha. Pitisha kamba kutoka tundu la pili kutoka juu hadi la juu kabisa upande uleule ili upate kitanzi kidogo kila upande, kisha vusha kila ncha kwenye kitanzi cha upande wa pili, vuta chini, funga. Kama juu ya mguu ndipo panapobana, ruka tundu moja la katikati.

## Hali za pekee

Viatu vya bamba la kaboni vinamfaa mtu wa kawaida?

Hivi vina bamba gumu ndani ya soli, na vinaongeza kasi, hasa kwa anayekimbia kwa kasi tayari. Ni ghali, sponji yake huchoka mapema, na vingine huyumba kwenye kona. Vya siku ya mashindano, si vya kila asubuhi.

Kama unashindania nafasi, jua sheria: tangu 2020 shirikisho la riadha duniani linataka unene wa soli ya kiatu cha barabarani usizidi milimita 40, na bamba lisizidi moja. Septemba 2021 Derara Hurisa wa Ethiopia alivuka mstari wa kwanza Vienna Marathon, akaondolewa kwa sababu soli zake zilikuwa milimita 50. Ushindi ukaenda kwa Leonard Langat wa Kenya.

Si bora nikimbie pekupeku kama Abebe Bikila?

Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki Roma 1960 bila viatu, ni kweli. Tokyo 1964 alishinda tena, akiwa amevaa viatu. Kama hujakulia pekupeku, anza kwa dakika chache kwenye nyasi. Mitaani kuna misumari na vioo.

Nina uzito mkubwa. Nichukue kiatu chenye sponji nyingi zaidi?

Chukua kilicho imara. Sponji laini mno huzama chini ya uzito na kuufanya mguu uyumbe. Soli iwe pana chini, na usichukue viatu vyepesi vya mashindano kuanzia.

Nina kisukari. Kanuni ya kufuata mguu unavyosikia inanihusu?

Hapa kanuni hiyo inavunjika. Kisukari kinaweza kupunguza hisia miguuni, na kiatu kinachokukata ukakiona kizuri kabisa. Fuata vipimo vya karatasi na soli ya ndani kama ilivyoelezwa juu, ingiza mkono ndani ya kiatu kila kabla ya kuvaa kutafuta kokoto au mshono uliofumuka, na kagua nyayo zako kila unaporudi. Kama una ganzi au kidonda, onana na daktari kabla ya kukimbia.

Nimeandikiwa soli maalumu na mfiziotherapia. Niziweke juu ya soli ya kiatu?

Toa ya kiatu kwanza, isipokuwa umeelekezwa vingine. Ukirundika mbili, mguu unapanda na kisigino kinakosa mshiko. Nenda nazo dukani, kiatu ukijaribu zikiwa ndani.

Miguu yangu inapishana kwa namba nzima.

Nunua kwa ule mkubwa. Kwenye mdogo ongeza soli nyembamba ya ndani au soksi nene kidogo, na ufunge kamba kwa mtindo wa vitanzi upande huo peke yake.